Tunakula sombe tangu utoto, sasa tansio na sukari vinatoka wapi?



Majuzi niliandika mistari mitatu tu nikisema kwamba kula mimea kwa wingi kunaweza kusaidia kukinga magonjwa ya muda mrefu: tansio (shinikizo la damu), diabeti (ugonjwa wa sukari), magonjwa ya moyo na saratani fulani. Ndugu mmoja, mwenye lisansi kama mimi, akanijibu bila huruma: "Agronome, hiyo habari peleka Ulaya. Huku kwetu nyama tunaiona ku sikukuu. Sisi njo watu wa majani. Kama majani yanakinga, kwa nini wazee wetu wanaanguka na tansio?"

Swali ni zuri, na haliwezi kujibiwa kwa mistari mitatu. Ndiyo maana leo naandika kirefu.

Jibu langu liko hivi. Kula mimea na kula wanga si kitu kimoja. Fufu ya muhogo ni mmea. Mchele mweupe ni mmea. Sukari ni mmea, inatoka ku muwa. Mafuta ya chupa ni mmea. Hata bia ni mmea, msianze kunishukuru. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kugusa nyama na bado mwili wake usipate kile ambacho mimea inatoa kama kinga. Kinachokinga si kukosa nyama. Ni majani, maharagi, kunde, karanga, matunda, na nafaka ambazo hazijavuliwa ganda lote. Na hivyo njo vinapungua mu sahani zetu, polepole, bila mtu kupiga kelele.

Swali la ndugu yetu lilishaulizwa karibu na sisi, Uganda, na walioliuliza ni waganga wawili Wazungu waliolishangaa kwa upande mwingine. Mmoja ni Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kutibu watu Kenya na Uganda karibu miaka 30. Mwingine ni Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946, miaka mingi ku hospitali ya Mulago, Kampala. Wale wa kitivo cha utabibu wanamjua Burkitt kwa sababu ya saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake, ile aliyoieleza mwaka 1958. Lakini kuna kazi yake ya pili, na hiyo njo inatuhusu.

Hawa wawili waliona jambo ambalo hawakulitegemea. Magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa haba sana Mulago: mshtuko wa moyo, mawe ya nyongo, apendiksi, saratani ya utumbo mpana, diabeti ya watu wazima. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 Trowell na mwenzake walichapisha makala nzima juu ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika aliyekuwa nao. Mgonjwa mmoja, makala moja! Leo ukiandika makala kwa kila mgonjwa wa namna hiyo, karatasi itaisha mu Kampala yote.

Watu wa vijijini Uganda wakati huo walikula nini? Matoke, viazi vitamu, maharage, karanga, majani. Burkitt, akisaidiwa na mawazo ya Cleave, mganga wa jeshi la majini la Uingereza aliyelaumu sukari na unga mweupe, akaanza kutafuta tofauti iko wapi hasa. Na hapa wandugu mnisamehe, kwa sababu sayansi haina haya: akapima choo. Akapima uzito wake, na muda ambao chakula kinachukua kutoka mdomoni hadi nje. Matokeo aliyochapisha mwaka 1972 yanasema mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Kwa Waingereza aliowapima, ilikuwa gramu 100 hivi, na zaidi ya siku tatu. Tofauti kubwa ilikuwa nyuzinyuzi: ile sehemu ya mmea ambayo tumbo la mtu haliwezi kuiyeyusha. Miaka ya nyuma watu wa lishe waliihesabu kama takataka.

Sitaki mfikiri kila alichosema Burkitt kilisimama. Wengi wa wagonjwa wa Mulago walikuwa vijana, na magonjwa haya yanapenda uzee. Vipimo vilikuwa vichache, kwa hiyo mengine hayakuonekana tu. Watu walitembea na kulima siku nzima, hawakukaa ku kiti kama sisi. Mtu anayedai nyuzinyuzi peke yake ndizo zilizowalinda anaongeza chumvi. Lakini sehemu kubwa ya wazo lile imepimwa tena na tena, na bado imesimama.

Kipimo kinachonifurahisha zaidi ni cha juzi tu, na kilifanyika Tanzania, kwa watu wanaosema lugha hii yetu. Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Kilimanjaro ulioongozwa na watafiti wa Tanzania na Uholanzi, wakiwemo Godfrey Temba na Quirijn de Mast. Walichukua wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili walipewa kwa wiki 2 chakula cha namna ya kizungu: chipsi, mkate mweupe, vitu vya kiwandani. Wa mjini waliozoea vitu hivyo wakapewa chakula cha asili: ndizi mbichi zilizopikwa na maharage, ambazo Wachaga wanaita kiburu, nafaka kama ulezi, na majani. Kundi la tatu likapewa mbege, kinywaji kilichochachushwa cha ndizi na ulezi, kwa wiki 1.

Wiki mbili tu. Waliohamia chipsi na mkate, mu damu yao zikapanda protini zinazoonyesha uvimbe wa ndani, ule usiouma wala kuonekana lakini unaoharibu mishipa chini kwa chini miaka na miaka. Tena chembe zao za kinga zikajibu vidudu kwa uvivu zaidi. Waliohamia chakula cha asili wakaenda upande wa pili: alama za uvimbe zikashuka. Wa mbege pia, na hapo najua ndugu fulani ameacha kusoma na anatafuta viatu. Kuna mabadiliko yaliyokuwa bado yanaonekana wiki 4 baada ya jaribio kuisha. Utafiti huu haukupima nani ataugua miaka 20 baadaye, na wanawake hawakuwemo. Lakini unaonyesha kwamba mwili unabadilisha hesabu zake haraka kuliko tunavyofikiri, na kwamba hauangalii kama wewe ni Mwafrika au Mzungu. Unaangalia sahani.

Sasa, nyuzinyuzi zinafanyaje kazi? Nitaeleza kama mtu wa kilimo, waganga wanirekebishe kama wanaona nimeteleza.

Mnajua tunavyoloweka muhogo mu maji siku tatu nne ili uchachuke na sumu itoke. Kinachofanya kazi pale ni vidudu vidogo, bakteria. Mu utumbo mpana wetu kuna kazi inayofanana na ile, usiku na mchana. Nyuzinyuzi zinafika kule zikiwa nzima kwa sababu tumbo lilishindwa kuziyeyusha. Bakteria wanazichachusha na kutoa asidi ndogo ndogo, mojawapo inaitwa butireti. Chembe za ukuta wa utumbo zinakula butireti hiyo. Ukuta uliolishwa vizuri haupitishi takataka mu damu, na uvimbe unatulia. Usipotuma nyuzinyuzi, bakteria wale wanakosa chakula chao na wengine wa tabia mbaya wanachukua nafasi.

Mwaka 2015 watafiti walibadilishana chakula kati ya watu wa kijijini wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na Wamarekani weusi wa Pittsburgh, 20 kwa 20, wiki 2 pia. Waamerika wakala nyuzinyuzi gramu 55 kwa siku badala ya 14 hivi, na butireti yao ikapanda zaidi ya mara mbili. Waafrika Kusini wakashushwa mpaka gramu 12, na yao ikapungua nusu. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani linaomba mtu mzima afikie angalau gramu 25 kwa siku, na gramu 400 za majani na matunda.

Kazi ya pili ni ya sukari. Ukila maharagi, wanga wake umefungwa ndani ya kuta za mmea, unafunguka polepole, na kongosho lako linatoa insulini kwa kipimo. Ukinywa chupa ya sukre ya mililita 300, gramu 30 hivi za sukari, vijiko saba vya chai, zinafika mu damu karibu pamoja. Mtu akifanya hivyo kila siku na tumbo linaota, mwili unaanza kuzoea insulini, hauitii tena vizuri. Diabeti ya watu wazima inaanzia pale, na inaweza kukaa miaka bila kujulikana.

Ya tatu ni tansio. Hapa nyuzinyuzi si mhusika mkuu, ni potasiamu. Figo zinatumia potasiamu kusukuma chumvi nje. Majani, ndizi, kunde na maharagi vina potasiamu nyingi. Mwaka 1997 Marekani walichapisha jaribio linaloitwa DASH: matunda mengi, mboga nyingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nyama kidogo, bila kupunguza chumvi na bila kupunguza uzito. Kwa waliokuwa na tansio, namba ya juu ilishuka karibu 11, kiasi kinachofanana na kidonge kimoja. Zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa Wamarekani weusi, na wao njo walifaidika zaidi.

Basi turudi Kindu, tuiangalie sahani yenyewe.

Sombe kwanza, maana bila sombe hakuna mazungumzo. Jani la muhogo ni mali. Lina protini nyingi kuliko majani mengi, lina potasiamu, karotini ya kulinda macho, na nyuzinyuzi za kutosha. Lazima litwangwe na lichemshwe vizuri kwa sababu ya sumu yake ya asili, na mama zetu wanajua hilo kuliko mimi. Lakini angalieni vitu viwili. Kwanza, kipimo. Mlima wa fufu, na sombe vijiko vitatu pembeni. Muhogo mkavu, mu gramu 100, unatoa protini gramu 1 hadi 2. Maharagi makavu au kunde, kwa uzito uleule, vinatoa gramu 20 na kitu, na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 10. Kwa hiyo ndugu yetu aliposema "sisi njo watu wa majani", mimi nasema hapana, sisi ni watu wa fufu wenye kuonja majani. Geuza kipimo, mambo yanageuka.

Pili, tunachoweka ndani. Kubu (zote tunaziita Maggi hata kama haziko Maggi) karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, nyingine zaidi. Kubu moja ya gramu 4 inaleta gramu 2 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Sufuria ya watu wanne yenye kubu nne, pamoja na kijiko cha chumvi, pamoja na samaki wa chumvi, hesabu imeshapita. Halafu kuna bikaboneti tunayotupia ili sombe lilainike upesi na kuokoa makala. Nayo ina sodiamu, ileile tunayoikimbia ku chumvi, na inaua vitamini C na B1. Naelewa makala ni ghali. Lakini jani lililotwangwa laini zaidi linaiva bila bikaboneti.

Mawese sitayasema vibaya. Mafuta mekundu yana karotini nyingi, na mtoto wa Maniema anayekula mawese ana bahati kwa upande wa vitamini A. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya, na sombe linaloogelea halihitajiki ili liwe tamu. (Najua nimepoteza marafiki hapa.)

Mchele una historia yake, na inatuhusu kama watu wa lugha hii. Mchele ulienea Maniema mu karne ya 19 na Waungwana, watu wa Tippu Tip na wenzake waliojenga makao Nyangwe na Kasongo. Kiswahili chetu na mchele wetu vilikuja kwa njia moja, pamoja na mambo machungu ya biashara ya watumwa. Bibi zetu walitwanga mchele huo mu kinu, na kinu hakiwezi kuvua kila kitu: ganda jembamba la ndani linabaki sehemu, lenye nyuzinyuzi na vitamini B1. Mashine inavua mpaka mchele unang'aa, na sokoni tunalipa zaidi kwa ule mweupe. Tunalipa zaidi ili tupate kidogo. Nani alitufundisha hivyo? Ni heshima tu. Mweupe unaonekana wa mgeni.

Na hapo tunafika ku kitu ambacho kinaniuma zaidi kama kijana mwenye diplome. Heshima. Wakati wa masomo tunakula mikate na chai ya sukari asubuhi, kwa sababu inashibisha kwa franka kidogo; sawa, ni ukata. Lakini siku mtu anapata kazi, kitu cha kwanza anachobadilisha si nyumba, ni sahani. Lengalenga anaiacha kwa sababu ni "ya kijijini". Matembele anasema ni chakula cha wakati wa vita. Kunde ni za wafungwa. Mezani kunakuja kuku wa barafu wa kukaanga, mayoneze, sukre kila saa sita, mkate mweupe, na anaacha kutembea kwa miguu kwa sababu amenunua pikipiki. Hatuwezi kumlaumu: amekula njaa miaka mingi, anataka kuona tofauti. Ila tofauti aliyoichagua ni ileile waliyopewa wanaume wa Kilimanjaro kwa wiki 2, yeye anaifanya miaka 20.

Nina baba mdogo aliyepita njia hiyo. Alikuwa mkulima, halafu akaingia biro, akanenepa, tukampongeza, mnajua sisi tunaita unene "afya". Akiwa na miaka 52 upande wake wa kulia ukalala. Siwezi kusema ni chakula peke yake; baba yake pia alikufa ghafula, na tumbaku alivuta. Ninachoweza kusema ni hesabu: kiwanja kiliuzwa, binti yake wa pili akaacha masomo ku mwaka wa mwisho, na mama mdogo akaacha biashara ili amgeuze kitandani. Ku Ulaya mgonjwa wa namna hiyo anabebwa na bima. Kwetu anabebwa na watoto. Vifo karibu 3 kati ya 4 duniani vinatokana na magonjwa haya yasiyoambukiza, na familia za kwetu zinayalipa kwa mfuko wao, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana kinga kwetu si mtindo wa watu walioshiba.

Sasa mtaniuliza: agronome, tupande nini? Hapa niko nyumbani.

Maharagi tunayokula Kindu mengi yanatoka Kivu, na bei yake inafuata hali ya barabara na vita. Si uvivu wetu. Haragi la kawaida linapenda baridi ya milima. Huku chini, ambako hatufiki sana juu ya mita 500, joto na unyevu vinalipa magonjwa ya majani na maua yanaanguka. Kwa hiyo tusilie maharagi. Kunde zinapenda joto. Nyingi zinaiva mu miezi miwili hadi mitatu, majani yake ni mboga, mizizi yake inarudisha azoti mu udongo, na unaweza kuzipanda kati ya mistari ya muhogo mchanga kabla haujafunika. Soya inawezekana, ila lazima ipikwe vizuri. Mbaazi inavumilia udongo mchovu. Karanga tayari tunazijua vizuri.

Kwa karanga, neno moja la hatari. Unyevu wa huku unaleta ukungu, na ukungu fulani unatoa sumu inayoitwa aflatoksini, inayosababisha saratani ya ini. Haitoki kwa kukaanga wala kwa kusaga. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye rangi mbaya zitupwe. Zisisagwe "ili zisipotee", kwa sababu tunavyojua, zile mbovu njo zinasagwaga. Zikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Mmea si mtakatifu kwa sababu ni mmea.

Nyuma ya nyumba, hata kwenye kiwanja cha kupanga, matuta mawili ya lengalenga yanaweza kuvunwa baada ya wiki tatu nne. Matembele yanaota hata ukiyasahau. Bamia, ngai-ngai, mapapai. Fumbwa bado inatoka msituni, ingawa tunaikata bila kupanda, na siku moja tutaitafuta. Kwa mwanafunzi anayepika peke yake: loweka kunde au maharagi usiku, mwaga maji yale, zitaiva kwa makala kidogo zaidi na tumbo halitanguruma sana. Pika sufuria moja ya siku mbili. Kula fufu nusu ya ile ya kawaida, jaza nafasi na kunde na majani. Tunda moja badala ya sukre. Hiyo haihitaji mshahara.

Lazima niseme pia nisichosema, kwa sababu najua maneno yanavyobadilika yakipita mu vikundi. Sisemi watu waache nyama na samaki. Mkoa huu una watoto wenye utapiamlo, na mtoto wa mwaka mmoja mwenye tumbo dogo hawezi kupata yote ku majani na fufu. Anahitaji samaki wa Lualaba, yai, viwavi vya msitu, chochote. Vitamini B12 haipatikani ku mimea. Mama mwenye mimba anahitaji madini ya chuma, na ya nyama yanaingia mwilini kirahisi kuliko ya majani. Mu nyumba moja mtoto anaweza kuhitaji aongezwe samaki, na baba apunguziwe mafuta na kubu. Mama anayepika sufuria moja kwa wote ana kazi ngumu, na sisi wenye vyeti tusimhutubie, tumsaidie kutwanga.

Wala sisemi majani yanaponya. Mwenye diabeti au tansio aliyeandikiwa dawa asiache dawa kwa sababu ya makala ya agronome. Na mwenye ugonjwa wa figo aongee na mganga kabla ya kuongeza majani na ndizi, kwa sababu figo zilizochoka haziwezi kutoa potasiamu yote, na ikizidi mu damu inaweza kusimamisha moyo.

Kwa wengine wetu, wa miaka 25, 28, 30, tansio haiumi na haina alama. Mashine ya kupimia iko ku senta nyingi za afya, na kupima ni dakika tano tu, mtu akiwa amekaa na ametulia. Ukiona 140 juu au 90 chini, rudi siku nyingine upimwe tena kabla ya kuogopa, na uende na baba yako au mama yako mpimwe pamoja.